Figo za kaka yangu zilihesabiwa kwa rangi yake. Je, miili yetu ni tofauti?

Swali: Habari ya kazi, daktari. Mimi ni msomaji wako, naishi Umoja hapa Nairobi. Kaka yangu mkubwa yuko Dallas, Marekani, miaka mingi sasa. Figo zake zilifeli na anasafishwa damu mara tatu kwa wiki huku akingoja kupandikizwa figo. Hospitali yake ilimwandikia barua kwamba ameongezewa muda wa kungoja kwa sababu fomula ya zamani ilikuwa inawahesabia watu weusi tofauti. Barua hiyo imetugawa nyumbani. Mjomba anasema hata Wazungu wameona figo za Mwafrika ni dhaifu, ndiyo maana zikawekewa hesabu yake. Mimi naona alibaguliwa. Mama ana presha, na sasa hayaamini majibu yake ya maabara ya hapa. Mimi nimejitolea kumpa kaka figo moja. Tushike lipi?

Jibu: Asante kwa kuniandikia, dada, na pole kwa mzigo mlio nao. Naanza na barua yenyewe, maana nahisi imewatia hofu pasipo sababu. Kuongezewa muda hakumaanishi kwamba kaka atangoja zaidi. Tarehe ambayo alianza kuhesabiwa kwenye orodha imerudishwa nyuma, kwa hiyo sasa anatambuliwa kuwa amengoja kwa muda mrefu kuliko ilivyoandikwa mwanzo. Katika ugawaji wa figo Marekani muda huo una uzito mkubwa sana. Barua ni njema. Kinachouma ni kwamba ilibidi iandikwe.

Na kwa swali lililowagawa: hakuna figo ya Mwafrika na figo ya Mzungu. Kipande cha figo kikiwekwa chini ya hadubini, hakuna mtaalamu duniani atakayekwambia mwenyewe alikuwa wa rangi gani. Rangi ilikuwa ndani ya hesabu, na ni vizuri muelewe iliingiaje humo, kwa sababu mkilielewa hilo mtakuwa mmejibu pia swali la mama.

Tunapima nguvu ya figo kwa mililita za damu zinazochujwa kwa dakika moja. Kijana mwenye afya huwa na kama 90 hadi 120. Kulipima jambo hili moja kwa moja ni kazi: mtu huchomwa sindano ya kemikali maalumu, kisha damu yake huchukuliwa mara kadhaa kwa saa nyingi ili kuona kemikali inatoka kwa kasi gani. Hospitali chache tu hufanya hivyo. Njia ya mkato ni kupima kreatinini, taka inayotokana na misuli. Misuli ni kama jiko na kreatinini ni majivu yake. Figo ndizo zinazoyazoa. Majivu yakirundikana kwenye damu, tunajua mzoaji amechoka. Lakini jiko dogo hutoa majivu machache hata mzoaji akiwa hoi, na jiko kubwa hutoa mengi hata mzoaji akiwa mzima. Ndiyo sababu maabara huiingiza kreatinini kwenye fomula pamoja na umri na jinsia, ndipo ipatikane namba ya makadirio.

Mwaka 1999 watafiti wa Marekani walichapisha fomula iliyokuja kuenea dunia nzima. Waliitengeneza kutokana na wagonjwa 1,628, na weusi miongoni mwao walikuwa kama mmoja kati ya kila wanane. Waliona kwamba kwa wastani, weusi hao walikuwa na kreatinini ya juu kidogo kuliko wazungu wenye figo za nguvu ileile. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba watu weusi wana misuli mingi zaidi. Ushahidi wa dai hilo ulikuwa mwembamba mno, lakini lilipita. Fomula ikapewa kizidishio: ukishapata namba ya mgonjwa, kama ni mweusi, zidisha kwa 1.2 hivi. Fomula mpya ya mwaka 2009 ilikipunguza kizidishio hicho hadi 1.159, lakini haikukiondoa.

Ona kilichotokea kwa watu kama kaka yako. Marekani, mgonjwa ambaye bado hajaanza kusafishwa damu huanza kuhesabiwa muda wa kungoja figo namba yake ikifika 20 au ikishuka chini ya hapo. Chukua wanaume wawili wa umri mmoja wenye kreatinini sawasawa kabisa. Mzungu fomula inampa 20, na siku hiyohiyo anaanza kuhesabiwa. Mweusi anapewa 20 mara 1.159, yaani zaidi ya 23, na anaambiwa bado figo zake zinajikaza, arudi baadaye. Mgonjwa ambaye figo zake hupoteza mililita mbili au tatu kwa mwaka atakaa zaidi ya mwaka mzima nje ya mlango ambao mwenzake ameshaingia. Na damu yao ilikuwa ileile.

Na huyo "mweusi" alikuwa nani? Aliyejaza kisanduku kwenye fomu ya mapokezi ndiye aliyeamua. Mkalenjin wa Eldoret, Msomali wa Eastleigh, mtoto wa mama Mzungu na baba Mjaluo, mjukuu wa watumwa waliotolewa Ghuba ya Guinea miaka mia mbili iliyopita: wote waliingia kisanduku kimoja na kupewa misuli ya kubuniwa iliyo sawa. Hakuna aliyewapima misuli. Hili ndilo linalonikera kuliko yote, kwa sababu udaktari tunafundishwa kumtazama mgonjwa aliye mbele yetu.

Waliopiga kelele mapema walikuwa wanafunzi wa udaktari na madaktari weusi. Dkt. Vanessa Grubbs, daktari wa figo wa San Francisco, alisema hadharani kwa miaka kwamba kizidishio hakina msingi. Hospitali ya Beth Israel Deaconess ya Boston ilikiacha mwaka 2017, nyingine zikafuata mojamoja. Mwaka 2020, baada ya polisi kumuua George Floyd, Mmarekani mweusi, madai hayo hayakuweza tena kuwekwa kando. Septemba 2021, jopo la vyama viwili vikubwa vya figo Marekani lilipendekeza fomula mpya isiyouliza rangi. Mwaka 2022 mtandao wa kitaifa unaosimamia viungo vya kupandikiza ulipiga marufuku matumizi ya fomula zenye rangi, na kuanzia Januari 2023 ukaziagiza hospitali zote za upandikizaji zipekue rekodi zao, ziwatafute weusi waliocheleweshwa, ziwarekebishie muda, na ziwaandikie. Barua ya kaka yako imetoka huko. Kufikia mwanzoni mwa 2024, zaidi ya wagonjwa 14,000 weusi walikuwa wamerekebishiwa.

Ni haki niwaambie pia upande wa pili, maana baadhi ya walioipinga hatua hiyo walikuwa na hoja. Ukiondoa kizidishio, namba za weusi wote zinashuka. Yupo atakayepunguziwa dozi ya dawa ya saratani, yupo atakayenyimwa metformini ya kisukari, yupo ndugu atakayekataliwa kutoa figo. Hata fomula ya 2021 ina kosa lake dogo, na hakuna hesabu ya kreatinini isiyo na kosa. Hata hivyo naona uamuzi ulikuwa sahihi. Kosa linalomgusa kila mtu kidogo ni afadhali kuliko kosa linalotwikwa watu wa rangi moja, tena mahali ambapo figo mpya ndiyo uhai.

Sasa nije kwa mjomba. Kwanza, fomula ile ilisema kinyume cha anavyodhani: iliwaambia weusi figo zao ni nzuri kuliko zilivyokuwa. Pili, ni kweli kwamba figo zinawafeli Wamarekani weusi kupita kiasi. Ni kama asilimia 13 ya watu wa nchi ile, lakini karibu asilimia 35 ya wanaosafishwa damu. Mjomba ana haki ya kuuliza kwa nini.

Sehemu ndogo ya jibu iko kwenye jeni, na inafaa kuielewa vizuri kwa sababu hupotoshwa. Mwaka 2010 iligunduliwa kwamba aina mbili za jeni iitwayo APOL1 huongeza hatari ya ugonjwa wa figo kwa mtu aliyerithi nakala kutoka kwa wazazi wote wawili. Aina hizo zilienea Afrika Magharibi kwa sababu nakala moja humkinga mtu na vimelea vya malale. Takriban Mmarekani mweusi mmoja kati ya wanane ana nakala zote mbili, na wengi wao hawataugua figo kamwe. Watafiti walipopima Waethiopia hawakuzikuta. Kwa hiyo jeni inafuata ukoo na historia ya malale. Haifuati weusi wa ngozi. Ukitaka kujua kama mtu anayo, mpime jeni hiyo. Kumtazama uso hakutakwambia.

Sehemu kubwa ni presha na kisukari visivyotibiwa mapema, mitaa isiyo na kliniki nzuri, kazi zisizo na bima, na wagonjwa weusi kuchelewa kupelekwa kwa daktari wa figo na kwa wapandikizaji. Marekani ina sheria ya mwaka 1972 inayoifanya serikali ilipie karibu kila mtu ambaye figo zake zimeshakufa. Kabla hazijafa, unategemea bima yako. Yaani aliyekosa vidonge vya presha kwa miaka kumi na tano hulipiwa mashine kwa gharama kubwa mara tu madhara yakishakamilika.

Kama mjomba bado hajaridhika, mwambie habari ya watoto wa Illinois. Mwaka 1997 madaktari Richard David na James Collins walichapisha uchunguzi wa uzito wa watoto waliozaliwa katika jimbo hilo, ambako ndiko iliko Chicago. Watoto wa mama wazungu waliozaliwa Marekani walikuwa na wastani wa gramu 3,446. Watoto wa mama weusi waliozaliwa Afrika, gramu 3,333. Watoto wa mama weusi waliozaliwa Marekani, gramu 3,089. Mama kutoka Afrika walikaribiana na wazungu kuliko walivyokaribiana na weusi wenzao wa kule. Baadaye watafiti hao waliwafuata mabinti wa wahamiaji wale, waliokulia Marekani, nao walipozaa watoto wakawa wepesi kuliko wao wenyewe walivyokuwa. Damu ya Kiafrika haikubadilika kwa kizazi kimoja. Maisha ya mwanamke mweusi ndani ya nchi ile ndiyo yaliyoingia tumboni.

Naomba lakini tusiyatazame haya kama mambo ya Marekani tu, sisi tukiwa watazamaji. Fikra kwamba mwili wa Mwafrika una kipimo chake ilipikwa na hapa Nairobi. Hospitali ya Kenyatta, ambako huenda mama amewahi kupanga foleni, ilianza mwaka 1901 kama hospitali ya wenyeji yenye vitanda 40. Wazungu walikuwa na yao. Miaka ya 1930 Dkt. H. L. Gordon, aliyesimamia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, alipima vichwa vya Waafrika, na Dkt. F. W. Vint wa maabara ya serikali akapima bongo za Waafrika waliokufa. Walitangaza kwamba ubongo wetu una upungufu wa asili. Mwaka 1933 walowezi wakaanzisha jijini humu chama cha kuchunguza namna ya kuboresha mbari. Wakosoaji wa wakati uleule walitaja njaa na maradhi, lakini walowezi walikuwa wameshapata walichokitaka: sababu ya kitabibu ya kutotujengea shule. Mwaka 1953 Dkt. J. C. Carothers, aliyewahi pia kuiongoza Mathari, alimfananisha Mwafrika na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo, na Shirika la Afya Duniani likayachapisha maneno hayo. Kwa hiyo mjomba anaposema figo zetu ni dhaifu kwa asili, simlaumu. Amerithi usemi uliotangazwa kwa muhuri wa daktari.

Na figo si peke yake. Wakati wa korona tulinunua vile vifaa vya kubana kidoleni vinavyosoma oksijeni kwa mwanga. Desemba 2020 watafiti wa Michigan walionyesha kwamba wagonjwa ambao kifaa kiliwasomea asilimia 92 hadi 96, yaani hali ya kuridhisha, walikuwa kwa kweli chini ya 88 katika asilimia 11.7 ya vipimo vya weusi, na 3.6 tu ya vipimo vya wazungu. Mwanga unapita kwenye ngozi, na vifaa vilisawazishwa zaidi kwa ngozi nyeupe. Hapa ngozi ina kazi kweli, lakini walioisahau ni waliotengeneza kifaa. Kwenye figo ngozi haikuwa na kazi yoyote, wakaiingiza.

Basi, alibaguliwa? Ndiyo, dada. Sidhani kuna mtu katika kliniki ile aliyemchukia. Muuguzi aliyemtoa damu labda alikuwa mweusi pia. Lakini alama iliyochukuliwa usoni mwake ilitumika kumnyima alichopewa mwenzake mwenye majibu yaleyale ya damu, kwa miaka, na mashine ya maabara ilifanya hivyo bila mtu kuona haya. Kwangu huo ni ubaguzi uliokamilika, na unapaswa kuitwa hivyo hata kama hakuna wa kushtakiwa.

Mama asiache kuyaamini majibu yake, ila ayasome vizuri. Nimeona hapa Nairobi karatasi za maabara zenye mistari miwili, mmoja wa watu weusi na mwingine wa wengine, kwa sababu programu ya mashine ililetwa hivyo. Akiona hivyo, aombe namba yake ihesabiwe upya kwa fomula ya mwaka 2021. Kuna la muhimu zaidi kwake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 kutoka Malawi, Afrika Kusini na Uganda ulipima uchujaji wenyewe kwa sindano, ukakuta kwamba fomula za kreatinini zinatupamba: huenda Waafrika wenye figo dhaifu ni zaidi ya maradufu ya wanaoonekana kwa kreatinini. Kumbuka jiko dogo. Mama mwembamba mwenye umri mkubwa hutoa kreatinini kidogo, na namba yake huonekana nzuri wakati figo zinaisha. Kwa hiyo kila mwaka apimwe kreatinini pamoja na albumini, protini ya damu, kwenye mkojo wa asubuhi. Albumini ikifika miligramu 30 kwa kila gramu ya kreatinini, na ikabaki hivyo kwa miezi mitatu, figo zimeanza kuvuja, hata kama namba nyingine ni nzuri. Kama mna uwezo, muulizie sistatini C, kipimo kingine cha damu cha figo. Haipatikani kila maabara na bei yake iko juu, lakini haitegemei sana misuli. Dawa za presha asiziruke hata akijisikia mzima. Na diklofenaki za kununua dukani kila magoti yakiuma aziache kabisa. Nawaona wengi walioharibikiwa kwa hizo.

Wewe unayetaka kutoa figo, Mungu akubariki, lakini usikubali kupitishwa kwa makadirio ya kreatinini peke yake. Mwombe daktari akupime sistatini C, au uchujaji wenyewe kwa sindano kama hospitali ya kaka inaweza. Wapime pia mkojo, sukari na presha yako ya saa ishirini na nne. Ndugu wa mgonjwa mara nyingi amebeba hatari ileile iliyomwangusha mgonjwa, na sitaki mama awe na watoto wawili kwenye mashine. Wakikuuliza asili yako ili kuamua kama upimwe jeni ya APOL1, waeleze kwa undani koo za pande zote mbili, kisha uombe upimwe badala ya kukisiwa. Kila mtoaji hupewa mtu wake wa kumtetea, asiyemhudumia mgonjwa. Zungumza naye peke yako, bila kaka kuwepo.

Kuhusu kaka, hapo ndipo pa kuharakisha. Kwa kuwa anasafishwa damu, tarehe yake inaweza kuanzia siku aliyoanza mashine, au siku ya nyuma zaidi ambayo namba yake ilifika 20 bila kizidishio, ile iliyotangulia. Hospitali hurudisha tarehe kwa kufuata ushahidi ilio nao tu. Kama kabla ya kuanza mashine alitibiwa kliniki nyingine, au alihama jimbo, majibu ya huko huenda hayakuonekana kabisa. Mwambie aitishe majibu yote ya kreatinini kutoka kila kliniki aliyowahi kwenda, hata ya miaka mingi nyuma, awapelekee wahudumu wa upandikizaji, na aulize mambo mawili kwa maandishi: tarehe yangu sasa ni ipi, na mliipata kutoka jibu gani la maabara? Jibu moja la zamani lililosahaulika kwenye faili linaweza kumrudisha nyuma mwaka mwingine mzima, na haki hiyo ni yake.